Ujira wa Mwimbaji

Dominika ya 26 ya Mwaka B
Masomo: Hes 11:25-29, Yak 5:1-6, Mk 9:38-43, 45, 47-48



Mtume Yakobo leo hana maneno ya kubembeleza. Anawageukia matajiri na kuwaambia kwamba ujira waliowazuilia wavunaji wa mashamba yao unapiga kelele, na kwamba kilio hicho kimekwisha kufika masikioni mwa Mungu. Angalieni vizuri anavyosema. Halii mvunaji peke yake. Unalia ujira wenyewe, zile fedha zilizokaa katika mfuko usio wake. Tajiri aweza kumfukuza mvunaji mlangoni, lakini hawezi kuinyamazisha fedha iliyomo kabatini mwake.

Tunaposikia maneno haya, wengi wetu hapa Dar es Salaam hatushtuki. Sisi tunaokaa Upanga, tunaokwenda Kariakoo kununua na kuuza, hatuna mashamba wala wavunaji. Twadhani Yakobo anasema na watu wengine. Kwa hiyo leo napenda tumtazame mvunaji mmoja ambaye mavuno yake yamo katika kila nyumba, kila daladala na kila kanisa. Mvunaji huyo ni mtunzi wa nyimbo, pamoja na wapigaji na waimbaji wenzake.

Labda mtu atauliza: mambo ya muziki wa dansi yanaingiaje katika mahubiri? Somo la kwanza linamjibu. Eldadi na Medadi hawakwenda kwenye hema pamoja na wazee wengine. Walibaki kambini, na Roho akawashukia huko huko. Yoshua alitaka wakatazwe. Musa alikataa, akatamani watu wote wa Bwana wapewe Roho huyo. Katika Injili nako Yohane anataka kumzuia mtu aliyetenda mema kwa jina la Yesu, kwa sababu tu hakuwa mmoja wao, na Yesu hakubali. Mungu hugawa vipaji hemani na nje ya hema. Yeye aliyempa sauti mwimbaji wa zaburi ndiye aliyempa sauti mwimbaji wa bendi. Basi haki ya huyu na haki ya yule ziko mbele ya Mungu mmoja.

Kipaji hutolewa bure, lakini wimbo ni kazi. Mtunzi hukesha akitafuta neno moja. Wapigaji hurudia kipande kile kile mpaka vidole viume. Sisi twausikia wimbo kwa dakika chache na kusema ni mzuri. Hatuyaoni majuma yaliyotangulia. Wimbo ni mavuno, na mavuno yana mvunaji.

Je, mvunaji huyu amelipwaje katika nchi yetu? Bendi nyingi za zamani zilikuwa mali ya mwenye vyombo. Aliyenunua magitaa, ngoma na vipaza sauti ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na wapigaji walikuwa watu wake. Hata jina la Matimila, bendi aliyoiongoza marehemu Remmy Ongala, lilitokana na mfanyabiashara mwenye vyombo. Bendi nyingine zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilichukuliwa mwaka 1983 na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Huko mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi, na hilo lilikuwa jema. Lakini siku mshahara ulipokoma, wimbo wake uliendelea kupigwa, naye akabaki mikono mitupu.

Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, au zikasafiri hadi Nairobi. Zilipoenea kaseti, nyimbo za redioni zikanakiliwa na kuuzwa madukani na vibandani, na mtunzi hakuulizwa. Katika miaka ya 1990 utaratibu uliozoeleka ukawa huu: mtunzi anampelekea msambazaji kanda mama, anapewa fedha mara moja, anatia sahihi, anakwenda zake. Ziuzwe kaseti mia, ziuzwe laki moja, hesabu haioni. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia juani, na kivulini akala mwingine.

Kaseti zimekwisha, lakini desturi haikuisha. Siku hizi kijana mwenye kompyuta anakujazia nyimbo kwenye simu au kwenye flashi kwa fedha kidogo. Mwenye kompyuta analipwa, mwenye kibanda anapata kodi yake, umeme unalipiwa. Mtunzi peke yake hayumo katika hesabu.

Wapendwa, nataka niseme kwa haki. Si kila mfanyabiashara ni mnyang'anyi. Anayesambaza kazi ya msanii naye anahatarisha mtaji wake, analipa kodi, na anastahili faida yake. Wala wanamuziki wote si wavunaji wanaodhulumiwa. Wapo viongozi wa bendi wanaopokea malipo ya watu kumi na kuwagawia tisa makombo. Neno la Yakobo linamhukumu kila ashikaye kilicho cha mwenzake, awe na duka au awe na gitaa.

Tazameni mifano miwili. Wimbo "Malaika" umeimbwa duniani kote. Miriam Makeba aliuimba, na kundi la Boney M liliurekodi mwaka 1981. Lakini mtunzi wake ni nani? Wapo wanaomtaja Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi Nairobi na kufariki mwaka 2001. Wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim. Ubishi huo haukumalizwa, kwa kuwa wimbo ulitangulia kuvuma na maandishi ya haki yakafuata nyuma. Mfano wa pili ni wa Afrika ya Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda alirekodi wimbo "Mbube". Alipewa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukageuzwa jina, ukawatajirisha wengine. Yeye akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006. Hesabuni wenyewe: ule ujira ulilia miaka 44 baada ya mvunaji kuzikwa. Ndivyo anavyosema Yakobo. Mvunaji hufa, na ujira wake huendelea kulia.

Kanisa limefundisha jambo hili bila kificho. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alilikumbusha fundisho hili hili la Yakobo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inauhesabu udhalimu kwa mfanyakazi mwenye ujira miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na kuilinda kazi yake kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba mjane na yatima wa mtunzi wana sehemu yao. Nanyi mwajua jinsi Maandiko yanavyosema juu ya mtu anayekula sehemu ya mjane na yatima.

Lakini tusikimbilie kuwanyoshea kidole watu wa madukani. Tufungue kitabu cha Nehemia, sura ya 13. Nehemia alipokuwa safarini kwa mfalme, kuhani Eliashibu alimpa rafiki yake Tobia chumba katika nyua za nyumba ya Mungu. Chumba hicho kilikuwa ghala ya zaka, na ndani yake iliwekwa sehemu ya Walawi na ya waimbaji. Nehemia aliporudi aliona nini? Waimbaji hawakuwapo. Hawakupewa posho yao, wakakimbilia kila mtu shambani kwake ili wapate kula. Nehemia hakuwalaumu kwa kukosa imani. Aliwakemea wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Tena, alipowarudisha waimbaji mahali pao, aliweka watunza hazina waaminifu wa kugawa sehemu ya kila mtu.

Ndugu zangu, ghala ile ilikuwa hekaluni, na aliyeitoa alikuwa kuhani. Basi maparokia yetu yajitazame. Kwaya zetu zinaimba vizuri, na watu wanatokwa machozi. Nota tunaziimba kutoka wapi? Mara nyingi ni fotokopi ya fotokopi, na jina la mtunzi, lililoandikwa pembeni juu, limekatwa na mashine. Mwaka unapita, kwaya inaingia studio, inarekodi albamu, inafanya uzinduzi wenye mgeni rasmi na harambee. Fundi mitambo analipwa. Mwenye kukodisha sare analipwa. Mpishi analipwa. Mtunzi haalikwi hata kwenye uzinduzi. Na mpiga kinanda, anayefika kabla ya Misa ya kwanza na kuondoka baada ya Misa ya mwisho, anaambiwa kwamba thawabu yake iko mbinguni.

Hapo wengine hutaja maneno ya Bwana katika Mathayo 10, kwamba tumepewa bure nasi tutoe bure. Ni kweli. Neema haiuzwi. Lakini someni aya mbili mbele yake, katika sura ile ile. Bwana anasema kwamba mtenda kazi anastahili posho yake. Aliyesema la kwanza ndiye aliyesema la pili. Mtunzi akipenda kulitolea Kanisa wimbo wake bure, hiyo ni sadaka, na Mungu ataipokea. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Anayejichukulia cha mwenzake kisha akakiita sadaka hajapewa kitu. Ameiba, hata kama ameiba kwa ajili ya altare.

Tufanye nini? Kwanza, jina la mtunzi liandikwe katika kila nakala na kutajwa katika kila albamu. Na kama hatumjui, tumtafute. Pili, kabla kwaya haijaingia studio, makubaliano na mtunzi yaandikwe, na sehemu yake itajwe. Tatu, halmashauri ya walei iweke katika makadirio ya mwaka posho ya mpiga kinanda, kama inavyoweka mishumaa na divai. Nanyi makatekista, mnapofundisha amri ya saba, msiishie kwenye kuku na mahindi. Waambieni vijana kwamba wimbo nao una mwenyewe. Na ninyi watunzi, msitie sahihi karatasi msiyoisoma. Andikisheni kazi zenu COSOTA zingali mikononi mwenu.

Katika Injili ya leo Yesu ameahidi kwamba hata kikombe cha maji hakitapotewa na thawabu yake. Kisha, bila kupumua, anasema juu ya mkono unaokosesha kwamba ni heri kuukata. Mkono ule ule waweza kutoa kikombe cha maji, na waweza kuzuia ujira. Sisi tumenyweshwa na waimbaji hawa katika harusi zetu, katika misiba yetu na mbele ya altare. Tumekwisha kunywa. Linabaki swali la Nehemia, nalo lataka jibu la hesabu, si la sifa: sehemu ya waimbaji iko wapi?

Ee Bwana, usiuache wimbo wetu upande kwako pamoja na kilio cha aliyeutunga. Utupe mikono iliyo tayari kulipa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.