Josho la Zamani na Sumu Isiyooza

(Haya ni mazungumzo tuliyofanya na vikundi vya kujisaidia kutoka pande za Kericho na Bomet. Wengi waliomba tuyaandike ili wale ambao hawakufika nao wasome. Tumeyafupisha kidogo.)



Tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi kimoja kilitualika tuone mahali walipotaka kuchimba kisima. Mahali penyewe pazuri, chini ya mteremko wa chai, nyasi kijani kabisa. Hatua chache kutoka hapo kuna josho la zamani, ile dipu ya ng'ombe, limejaa udongo. Tulichimbua kidogo na jembe, tukaona minyoo inatembea. Tukasema, kama kuna uhai hivi, sumu imekwisha, chimbeni tu. Ndipo mzee mmoja akauliza: "Na ile dawa tuliyoogeshea ng'ombe, ilienda wapi?"

Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu. Kisima hakikuchimbwa siku hiyo, na tunamshukuru yule mzee. Leo tumeleta jibu.

Dawa ilikuwa gani?

Wote mnaijua homa ya kupe, ndigana, inavyomaliza ndama. Hapa Kenya majosho ya dawa yalianza kutumika karibu mwaka 1912, na kwa miaka mingi dawa yenyewe ilikuwa arseniki. Baadaye, kuanzia miaka ya 1950 hivi, zikaja dawa nyingine kama toksafini. Kwa hiyo josho la kabla ya wakati huo tulihesabu kuwa lina arseniki mpaka lipimwe. Na sumu haiko ndani ya shimo peke yake. Iko pale ng'ombe walipokuwa wakisimama kuchuruzika, na iko pale matope ya josho yalipokuwa yakimwagwa.

Arseniki hufanya nini mwilini?

Mwili wa mtu, wa ng'ombe na wa mchicha umejengwa kwa vyumba vidogo sana, tunaviita seli. Kila seli ina milango yake. Sasa, mnajua mbolea yetu ya chai, 26:5:5. Ile tano ya katikati ni fosfeti. Kila seli inaitaka fosfeti, kwa sababu kwayo hutengeneza nguvu ya kufanya kazi.

Arseniki huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza, arseneti, inafanana sana na fosfeti. Ni kama mgeni aliyevaa koti la mwenye nyumba: mlango unamfungulia. Akishaingia, anashika nafasi ya fosfeti katika kazi ya kutengeneza nguvu. Lakini kile kinachotengenezwa naye kinavunjika papo hapo. Seli inafanya kazi mchana kutwa na jioni haina kitu.

Sura ya pili, arsenaiti, ni kali zaidi. Hii hunasa kwenye salfa iliyo ndani ya vyombo vya kazi vya seli. Ni kama mtu apige kufuli mashine ya kiwanda cha majani chai: majani yapo, kuni zipo, lakini hakuna kinachosagwa.

Mtu akinywa nyingi kwa mara moja, atatapika na kuharisha vibaya, na anaweza kufa. Akinywa kidogo kidogo kwa miaka, ngozi hubadilika rangi kwa madoa, viganja na nyayo huota ugumu, na baadaye saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu inaweza kumpata. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasipite mikrogramu 10 za arseniki kwa lita. Hicho ni kidogo mno. Huwezi kukiona, kukinusa wala kukionja.

Mbona bakteria wanaishi humo?

Hapa ndipo tulipopotea sisi. Mwaka 1918, kule Afrika Kusini, mtafiti H. H. Green alieleza bakteria wawili aliowatoa ndani ya josho la ng'ombe. Mmoja aligeuza arsenaiti kuwa arseneti, na mwingine aliirudisha arseneti kuwa arsenaiti. Ndani ya dawa yenyewe! Siku hizi tunajua zaidi jinsi wanavyofanya. Bakteria wa namna hii ana mlinzi ndani ya seli. Arsenaiti ikiingia, mlinzi anaamka, na seli inajenga pampu ya kuitupa nje. Arseneti ikiingia, kwanza inageuzwa arsenaiti, kisha nayo inatupwa kwa pampu hiyo hiyo. Na ufundi huu bakteria mmoja anaweza kumpa jirani yake, kama sisi tunavyopeana mbegu.

Lakini sikilizeni vizuri. Ameitupa nje, hajaimaliza. Nje ni wapi? Ni kwenye udongo na kwenye maji. Arseniki haiozi kama samadi, wala haivunjiki hata baada ya miaka mia. Inabadilisha sura na mahali tu. Kwa hiyo uhai mahali hapo si cheti cha usalama.

Kuna jambo jingine. Udongo wetu mwekundu una chuma nyingi, na chuma hiyo huishika arseniki kwa nguvu. Hilo ni jema. Lakini mahali pakijaa maji na hewa ikikosekana, bakteria wengine huifungua ile chuma, na arseniki inaingia majini. Ndivyo ilivyotokea Bangladeshi. Huko arseniki ni ya ardhi yenyewe, hakukuwa na josho. Watu walichimbiwa visima vingi ili waepuke maji machafu ya mito, na katika miaka ya 1990 ikajulikana kwamba mamilioni walikuwa wakinywa arseniki. Nia ilikuwa nzuri kabisa, kama yetu.

Basi tufanye nini?

1. Waulizeni wazee josho la zamani lilikuwa wapi na matope yake yalimwagwa wapi. Pawekeni alama kabla kumbukumbu haijapotea.

2. Msichimbe kisima wala bwawa karibu na hapo au chini ya mteremko wake kabla maji na udongo havijapimwa. Anzieni ofisi ya maji ya kaunti.

3. Msipande mboga hapo, na watoto wasichezee udongo wake. Mizizi nayo hudanganywa na lile koti la fosfeti.

4. Msirundike samadi wala kuelekeza maji ya mvua hapo. Vyakula vya bakteria na maji yaliyotuama ndivyo vinavyoifungua sumu.

5. Kuchemsha maji hakutoi arseniki. Maji yanapungua, sumu inabaki pale pale. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu. Maji ya mvua kutoka mabati safi ni afadhali sana.

6. Mawe na matofali ya josho msiyabebe kwenda kujenga jiko au tangi.

Kile kikundi kimechagua mahali pengine, juu ya mteremko. Ni mbali zaidi, na akina mama ndio watakaobeba mitungi. Hatukufurahi kuwaambia hivyo. Lakini mmoja wao alisema afadhali mgongo uume leo kuliko kuuguza mtoto kesho, na sisi hatukuwa na neno la kuongeza.

Ya kujadili katika kikundi:

- Je, katika kijiji chetu kuna josho lililoachwa? Nani anakumbuka lilijengwa lini?
- Maji tunayokunywa sasa yanapita wapi kabla ya kutufikia?
- Nani kati yetu atakwenda kuuliza kuhusu kupima, na lini?