Jeni za Tairosini Kinasi katika Saratani za Damu na Nafasi ya Kipimo katika Tiba

Seli ya damu hugawanyika au hufa kwa kufuata ishara zinazotoka nje yake, na ishara hizo hupokewa na kufikishwa kwenye kiini cha seli na protini maalumu. Miongoni mwa protini hizo zimo tairosini kinasi, yaani vimeng'enya vinavyochukua fosfeti kutoka kwenye molekuli ya ATP, ambayo hubeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Protini iliyopachikwa fosfeti huamka na kupeleka ishara mbele, na fosfeti hiyo ikiondolewa, ishara hukoma. Binadamu ana jeni takriban 90 zinazotengeneza vimeng'enya vya aina hii, na mada hii inahusu hali inayotokea pale jeni mojawapo inapobadilika katika seli mama ya uboho, kimeng'enya chake kikaendelea kufanya kazi bila kuamrishwa. Mabadiliko yanayozungumziwa hapa kwa kawaida hutokea baada ya mtu kuzaliwa na hayarithiwi, jambo ambalo ndugu wa mgonjwa wanastahili kuelezwa siku ya kwanza, kwa kuwa wengi hubeba hofu na lawama zisizo na msingi.

Mfano unaoeleweka vizuri kuliko yote ni lukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, waliokuwa wakifanya utafiti katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa saratani hiyo, nayo ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba ufupi huo ulitokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Utafiti uliofuata ulibaini kwamba katika mabadilishano hayo jeni ya ABL1, ambayo ni ya tairosini kinasi, huungana na jeni ya BCR, na muungano huo huzaa protini mpya iitwayo BCR-ABL. Sehemu ya BCR huzifanya molekuli za protini hiyo zishikamane na kupachikana fosfeti zenyewe kwa zenyewe, hivyo ishara ya kugawanyika haikomi: chembe nyeupe huongezeka kupita kiasi, bandama huvimba, na mgonjwa asipotibiwa, ugonjwa hugeuka kuwa lukemia kali baada ya miaka michache.

Kwa kuwa chanzo ni kimeng'enya kimoja, wanasayansi walitafuta dawa ya kukaa mahali pale pale ambapo ATP hujishikiza juu yake. Dawa hiyo, imatinibu, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1998 chini ya uongozi wa Brian Druker, na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Katika utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa walioanza nayo, takriban asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10, ilhali awali ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa hukumu ya kifo kwa yeyote asiyeweza kupandikizwa uboho.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayatokani na kidonge peke yake. Jeni ya BCR-ABL inaweza kubadilika tena wakati wa matibabu, na badiliko linalosumbua zaidi ni lile liitwalo T315I, ambapo asidi amino ya threonini katika nafasi ya 315 hubadilishwa na isolusini, na imatinibu hukosa mahali pa kujishikiza. Kumwongezea dozi mgonjwa mwenye badiliko hilo, au kumhamishia kwenye dasatinibu au nilotinibu, ni kumpotezea muda asionao, kwani dawa hizo nazo huzuiwa na badiliko hilo hilo, ilhali ponatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2012, hulimudu. Ndiyo maana kiwango cha BCR-ABL hupimwa kila baada ya miezi kadhaa, kikitarajiwa kushuka hadi asilimia 10 au chini yake baada ya miezi mitatu, na hadi asilimia 0.1 au chini yake baada ya mwaka mmoja. Hesabu ya kawaida ya chembe za damu haitoshi kwa kazi hiyo, kwa kuwa damu inaweza kuonekana safi chini ya darubini huku jeni mbovu ikiwa bado imejaa kwenye uboho.

Saratani nyingine hazitii dawa kwa urahisi huo. Badiliko la V617F katika jeni ya JAK2, lililotangazwa mwaka 2005, hupatikana kwa takriban asilimia 95 ya wagonjwa wa polisithemia vera, ugonjwa unaoongeza chembe nyekundu hadi damu kuganda ovyo mishipani. Dawa za kuzuia JAK2 hupunguza bandama na dalili, lakini kwa kawaida haziing'oi seli mbovu. Katika lukemia kali ya mieloidi, jeni ya FLT3 huwa imebadilika kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa, lakini huwa ni badiliko moja kati ya mengi, na kwa hiyo midostaurini, iliyoidhinishwa mwaka 2017, hutolewa pamoja na dawa za kawaida za kuua seli za saratani.

Kwa Afrika Mashariki, badiliko linalostahili uangalifu wa pekee ni muungano wa jeni za FIP1L1 na PDGFRA, ambao huongeza eosinofili, aina ya chembe nyeupe ambayo katika mazingira yenye minyoo na kichocho huongezeka kwa sababu za kawaida kabisa. Mgonjwa anaweza kupewa dawa za minyoo mara kwa mara huku moyo wake ukiharibika, ilhali ugonjwa wake hutulizwa na dozi ndogo ya imatinibu.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mpango wa msaada wa kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation umewawezesha wagonjwa wa Kenya na Tanzania, kama wa nchi nyingine nyingi, kupata imatinibu bila malipo, kwa sharti kwamba uwepo wa kromosomu ya Philadelphia au BCR-ABL uwe umethibitishwa. Kwa hiyo aliyekosa kipimo alikosa pia dawa iliyokuwepo. Mashine za GeneXpert, ambazo zimesambazwa katika hospitali nyingi za eneo hili kwa ajili ya kifua kikuu, zina kifaa maalumu cha kupima BCR-ABL kwa damu ya kawaida na kutoa jibu siku hiyo hiyo. Kinachohitajika ni idara za kifua kikuu na za saratani kukubaliana kuhusu ratiba ya mashine, na kifaa hicho kuingizwa katika bajeti ya maabara kama vinavyoingizwa vitendanishi vingine.