Kijana Aingie Timu Ikiwa Imara

Mada ya semina ya makocha na walimu wa michezo wa Migori na Homa Bay, Awendo

Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila kocha wa eneo hili huulizwa na wazazi, na mashabiki, na vijana wenyewe: chipukizi wa akademia apandishwe lini hadi kikosi cha kwanza? Wengi wetu hujibu kwa kutaja umri. Mmoja atasema miaka 17, mwingine 19, mwingine atangoja hadi kijana amalize shule. Kwa maoni yangu, umri ni swali la pili. La kwanza ni hali ya timu anayoingia. Kijana apewe nafasi timu ikiwa imara, amezungukwa na wakubwa wanaoijua kazi. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: humkumbuka timu ikiwa imeishiwa.

Tuliyojionea hapa Awendo

SoNy Sugar, timu ya kampuni ya sukari ya South Nyanza, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006 mbele ya vigogo wa Nairobi. Kwa mvulana wa Ranen, Mariwa au Rongo, ligi kuu ilikuwa imeletwa karibu na kwao. Angeweza kumwona Jumamosi uwanjani mtu aliyekutana naye sokoni Ijumaa.

Mwaka 2019 mambo yaligeuka. Agosti, SportPesa ilijiondoa kama mdhamini wa soka ya Kenya, na klabu nyingi zikayumba. Kabla mwaka haujaisha, SoNy Sugar ilifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika kwa mechi tatu.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Nayataja kwa sababu yanafanana na yanayozipata klabu nyingi nchini. Mishahara ikikatika, wachezaji wazoefu huondoka kwanza, maana wao ndio wenye pa kwenda. Kocha anabaki na watoto. Vijana watano au sita wanaingizwa siku moja, ugenini, baada ya safari ya usiku kucha, bila nahodha wa kuwapanga. Wanafungwa manne, na wiki inayofuata watu wanasema vijana wa siku hizi hawana kitu. Huko ni kumtwisha mtoto deni la wakubwa, kisha kumhukumu kwa kushindwa kulilipa.

Walioingia timu ikiwa imara

Tuangalie waliofaulu. Februari 2004, nchini Tunisia, Harambee Stars waliilaza Burkina Faso 3-0. Huo ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Dennis Oliech alifunga bao moja siku hiyo, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19. Nyuma yake alikuwapo nahodha Musa Otieno, na benchi lilikuwa la Jacob Mulee. Kijana aliachiwa kazi moja, kuwashambulia mabeki. Kazi ya kuituliza timu ilikuwa ya wengine.

Michael Olunga alitoka Liberty Sports Academy, akapitia Tusker na Thika United kwa mkopo, kisha akajiunga na Gor Mahia mwaka 2015. Msimu huo Gor Mahia ilitwaa ligi bila kupoteza hata mechi moja, naye akafunga mabao 19. Miaka mitano baadaye alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28. Angalia mpangilio: kwanza mkopo ili apate dakika, kisha timu bora nchini.

Manchester United ya msimu wa 1995/96 husifiwa sana kwa kuwaamini Beckham, Scholes, Butt na ndugu wawili wa Neville. Walianza kwa kuchapwa 3-1 na Aston Villa, na msimu ukaisha wakiwa na ligi na Kombe la FA. Wanaousimulia msimu huo husahau kwamba Schmeichel alikuwa langoni, Bruce na Pallister katikati ya ulinzi, Keane kwenye kiungo, na Cantona alirejea Oktoba. Alex Ferguson hakuwajaza vijana katika timu tupu.

Dalili za ukomavu

Mkulima wa hapa anajua kwamba urefu wa muwa hautoshi kuonyesha kama umekomaa. Sukari yake hupimwa. Ukikatwa mapema, sukari ni haba, na ukichelewa sana shambani sukari hupungua vilevile. Basi nasi tumpime kijana kwa mambo matatu.

Kwanza, tumtazame akiwa hana mpira. Wengi hung'ara wakiupata. Aliye tayari hujua pa kusimama timu inaposhambuliwa.

Pili, tutazame dakika tano baada ya kosa. Je, anaomba mpira tena, au anajificha nyuma ya mpinzani? Hili huonekana hata kwenye mechi za shule, na mwalimu wa michezo ndiye shahidi bora.

Tatu, mwili wake unahimili vipi? Afanye mazoezi na wakubwa kwa wiki kadhaa, kisha tuangalie anavyoamka kesho yake. Kasi ya siku moja si uthabiti wa msimu.

Nafasi anayocheza pia ina uzito. Winga akipoteza mpira karibu na lango la wapinzani, timu ina muda wa kurekebisha. Kipa au beki wa kati akikosea, bao limeingia. Kwa hiyo winga anaweza kujaribiwa mapema, na beki wa kati aingie akiwa ubavuni mwa mzoefu anayezungumza uwanjani.

Namna ya kumwingiza

Naona hatua nne. Aanze kwa mazoezi ya kudumu na kikosi cha kwanza huku akiendelea kucheza na rika lake, asije akakaa bila mechi. Kisha akae benchi, ajifunze maandalizi na safari. Hatua ya tatu apewe dakika 20 mechi ikiwa bado inapiganiwa. Dakika za mwisho tukiwa mbele 4-0 humfurahisha, ila hazitufundishi lolote juu yake. Hatua ya nne aanze mechi ya nyumbani, na hata akicheza vibaya aanze tena inayofuata. Mechi moja hutupa bahati yake tu. Mechi nne au tano mfululizo hutuonyesha mchezaji.

Sheria nazo zinatusaidia. Tangu 2022 kubadilisha wachezaji watano ni kanuni ya kudumu kwa mashindano yanayoichagua. Kocha anayesema hana nafasi ya kijana hata mmoja kati ya watano anapaswa kutueleza sababu.

Najua jibu lenu: kocha akipoteza mechi tatu anafutwa, basi atathubutu vipi? Hoja hiyo ni ya kweli, na kocha peke yake hawezi kuitatua. Kamati ya klabu ndiyo inayopaswa kukubaliana naye kwa maandishi, kabla ya msimu, kwamba vijana fulani watapewa dakika, na kwamba matokeo yatapimwa kwa kulizingatia hilo.

Tusimchoshe

Kumpa nafasi na kumchosha ni mambo mawili tofauti. Ansu Fati aliingia kikosi cha Barcelona akiwa na miaka 16, mwaka 2019. Novemba 2020 aliumia goti, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Pedri alicheza zaidi ya mechi 70 za klabu na taifa msimu wa 2020/21 akiwa bado chipukizi, na misimu iliyofuata majeraha ya misuli yalimwandama. Ikiwa klabu yenye madaktari na mashine zote inaweza kuteleza hapo, sisi tusio na hata daktari wa timu tuwe waangalifu maradufu.

Kijana wetu huchezea shule, kijiji na klabu wiki moja, na kila kocha hudhani ni wake peke yake. Aliye kidato cha nne ana mtihani wa KCSE mwishoni mwa mwaka, wakati ligi imeshika kasi. Kocha aketi na mwalimu mkuu na mzazi, wapange kalenda moja. Aliyeingia kikosi cha kwanza akaacha shule, kisha akavunjika mguu, ametendewa dhuluma.

Mapendekezo

Kwanza, kila klabu iandikishe vijana wake rasmi tangu wakiwa na miaka 12, kwa vyeti vya kuzaliwa vya kweli. Kanuni za FIFA hutenga hadi asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Klabu ya Awendo isiyo na rekodi haitaweza kudai haki yake.

Pili, mchezaji aliye chini ya miaka 18 asitie sahihi mkataba bila mzazi kuuelewa, na usizidi miaka mitatu, kama kanuni hizo zinavyotaka.

Tatu, klabu na shule ziweke daftari moja la mechi anazocheza kila kijana, ili asichezeshwe na makocha watatu wiki moja.

Nne, kamati zilipe mishahara ya wazoefu kwanza kabla ya kujisifu kwa akademia. Mzoefu anayelipwa ndiye mwalimu wa chipukizi uwanjani.

Hitimisho

Ombi langu kwa kila kocha aliye humu ni hili. Kabla msimu haujaanza, andika majina ya vijana wawili utakaowapandisha, na kando ya kila jina andika mzoefu atakayecheza karibu naye. Ukikosa jina la mzoefu, shughulika na hilo kwanza, kwa sababu kijana huyo hajapata timu ya kumpokea. Ukiyapata majina yote manne, wapeleke uwanjani, uwape mechi za kutosha, na uwatetee mbele ya mashabiki watakapokosea.