Kinga ya Kifua ya Kipa wa Magongo: Inunuliwe ya Leo, Si ya Mwakani

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na makocha, Kariandusi, Kaunti Ndogo ya Gilgil



Shule zikifunguliwa Januari, mzazi humnunulia mtoto sweta iliyo kubwa kidogo. Mikono inakunjwa, na mtoto anakua ndani yake hadi mwaka unaofuata. Ni busara ya nyumbani, na imeokoa pesa nyingi. Lakini haifai kwa kinga ya kifua ya kipa wa magongo. Sweta kubwa haimdhuru mtoto. Kinga kubwa huteleza, na kuacha wazi sehemu iliyokusudiwa kufunikwa.

Magongo si mchezo mgeni kwetu. Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971. Mpira wake ni mgumu, na una uzani wa gramu 156 hadi 163. Ukipigwa na mchezaji mkomavu unaweza kupita kasi ya kilomita 100 kwa saa. Katika viwanja vya nyasi na udongo, mpira uliokuwa ukija chini hugonga kibonge ukaruka hadi kifuani.

Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Magongo, FIH, zinamtaka kipa avae angalau helmeti, padi za miguu na kinga za viatu. Kifua hakimo katika orodha hiyo. Ndiyo maana pesa zikipungua, kinga ya kifua huachwa kwanza. Ikumbukwe kwamba sheria imetaja kiwango cha chini tu, na mbavu za mtoto hazilindwi na padi za miguu.

Je, inunuliwe mpya au mtumba? Mtumba mzuri unaomtosha kipa ni bora kuliko mpya usiomtosha. Kwanza hakikisha ni kinga ya mchezo huu. Katika marobota huwa na vifaa vya michezo mingine. Ya mdakaji wa besiboli hufunika mbele tu na kuacha mabega na mikono. Ya kipa wa magongo ya barafuni ni nene na nzito, na juani humchosha kipa upesi. Ya mwendesha pikipiki ina plastiki ngumu, na imetengenezwa kwa ajili ya kuanguka, si kwa ajili ya mpira.

Kisha ikague kwa mikono. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, hasa katikati ya kifua, halafu uachilie. Ikirudi mahali pake upesi, bado ina uhai. Ikibaki na shimo, ikivunjika kama mkate mkavu au ikitoa unga, iache hata kama bei ni ya kutupa. Vuta kila mkanda kwa nguvu. Fungua na ufunge kila kifungo. Chungulia mishono ya mabegani, kwa kuwa hapo ndipo huanza kuachia.

Kinga isinunuliwe kipa akiwa darasani. Aende mwenyewe, au angalau apimwe kwa futi ya fundi cherehani, kuzunguka kifua mahali kilipo kipana zaidi, na urefu kutoka mfupa wa bega hadi kiunoni. Kwa msichana, atafutwe kinga iliyokatwa kwa umbo lake, kwa sababu ile bapa humbana kifua na kuacha nafasi pembeni.

Akishaivaa, afanye mambo manne. Asimame wima: ukingo wa juu ufike kwenye mifupa ya mtulinga, na wa chini ufike kiunoni, ukutane na kaptula ya kinga. Ainame kama anayengoja mpigo: kinga isimsukume kidevu. Ainue mikono yote miwili juu: tumbo lisibaki wazi. Mwishowe ajitupe chini upande wa kulia na wa kushoto: akiinuka, katikati ya kinga iwe bado juu ya mfupa wa kifua, haijapanda kooni. Mkanda uruhusu vidole viwili kupita chini yake, naye aweze kuvuta pumzi ndefu bila kubanwa. Akishindwa jambo moja, arekebishiwe mikanda. Akishindwa tena, hiyo si yake.

Shule nyingi zina seti moja tu, ikivaliwa na kipa mdogo leo na mkubwa kesho. Hapo mwalimu achague kinga yenye mikanda inayorefuka na kufupika, na kila kipa apimwe upya kabla ya mechi. Baada ya mchezo ipanguswe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ianikwe kivulini. Jua kali hukausha sponji, na kinga iliyofungiwa stoo ikiwa na jasho huota ukungu. Nyasi na vumbi vikijaa kwenye velkro, haishiki tena. Visafishwe kwa mswaki mkavu.

Hata kinga nzuri ina mipaka yake. Pigo likitua juu ya moyo katika sehemu ndogo mno ya sekunde, linaweza kuvuruga mapigo, na mchezaji akaanguka bila mfupa wowote kuvunjika. Ni nadra, lakini huwapata zaidi vijana, na kinga ya kifua haiondoi hatari hiyo kabisa. Kipa akianguka baada ya pigo la kifua, asiitike wala asipumue kawaida, mchezo usimamishwe mara moja. Mtu mmoja apige 999 au 112. Mwingine abonyeze katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Kila timu iwe na angalau watu wawili waliofunzwa kufanya hivyo.

Kwa hiyo, mzazi anayejiuliza kama asubiri hadi apate pesa za kinga mpya, asisubiri. Atafute mtumba ulio mzima, aende na mtoto, na amjaribishe hayo mambo manne hapo hapo sokoni kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa kinga ijaribiwe, aende kwa mwingine.