Hotuba Juu ya Wanasesere Waliobuniwa na Wanafunzi Wetu

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka kwa niaba ya Kamati ya Elimu)



Kamati ya Elimu imetutuma tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo katika mkutano uliopita lilileta maneno mengi, nalo ni kazi ya wanafunzi wa chama chetu ya kubuni wanasesere na kuwatengeneza kwa mikono yao wenyewe. Walikuwako wanachama walioona ya kuwa fedha za chama ni za karo, za wagonjwa na za mazishi, wala si za vitambaa na usufi. Neno hilo halikusemwa kwa ubaya, nasi hatukulipokea kwa ubaya. Limetupasa kuitazama kazi hii upya tangu mwanzo wake hata mwisho.

Kwanza yafaa tueleze ni kazi gani, maana tumesikia wengine wakiiita mchezo wa watoto. Mwanafunzi haambiwi, “Shona sungura.” Huambiwa atunge kiumbe mmoja ambaye hajapata kuonekana popote, mwenye jina, mwenye tabia yake, mwenye kitu anachokitamani na kitu anachokiogopa; kisha amchore kwa mbele, kwa ubavuni na kwa nyuma; kisha amkate, amshone, amjaze, mpaka mtu mwingine akimshika aweze kukisia tabia yake pasipo kuelezwa. Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza katika madarasa ya nchi hii mwaka 2019, wataka watoto wafanye kazi za mikono za namna hii, na katika sekondari ya juu njia moja kati ya tatu ni ya sanaa na michezo. Basi mtoto afanyaye kazi hii vizuri anajitengenezea njia, hata kama mzazi wake haioni bado.

Lakini sote twajua yanayotendeka majumbani. Mtoto arudi jioni na kusema ya kuwa mwanasesere anatakiwa kesho asubuhi. Baba aenda dukani kutafuta wa plastiki, au mama akesha na sindano mkononi, au fundi wa mtaani alipwa fedha kidogo aifanye kazi ile kabla hajafunga kibanda. Asubuhi mtoto apeleka darasani kitu ambacho yeye hakukigusa ila kwa kukibeba. Na pembeni yake ameketi mtoto mwingine, ambaye mzazi wake hana fedha za fundi, naye amejishonea mwenyewe kwa kipande cha shati kuukuu. Kazi zile mbili zawekwa juu ya meza moja. Ni ipi itakayosifiwa? Twadhani hapa ndipo chama cha ustawi kinapohusika, maana asiye na kitu ndiye tuliyeapa kumwangalia, na hapa yule aliyejifunza ndiye aonekanaye kuwa ameshindwa.

Ili tusidhani ya kuwa hili ni jambo la anasa, tutazame Ujerumani kidogo. Katika mji mdogo wa Giengen alizaliwa mwaka 1847 mtoto wa kike jina lake Margarete Steiff. Alipokuwa mchanga alishikwa na polio, miguu yake ikapooza, na mkono wake wa kuume ukawa dhaifu maisha yake yote. Alijifunza kushona, na mwaka 1880 akatengeneza tembo wadogo wa kitambaa kizito cha sufu, wa kuchomekea sindano. Wanawake waliwanunua kwa ajili ya sindano. Watoto wao wakawachukua wakawachezea. Ndivyo kazi ilivyoanza. Baadaye mtoto wa ndugu yake, Richard Steiff, aliingia shule ya sanaa na ufundi mjini Stuttgart, na alipokuwa mwanafunzi alikuwa akienda mahali palipofugwa wanyama akiwachora dubu: wameketi, wamesimama, wanapigana. Mwaka 1902 michoro ile ilimsaidia kubuni dubu wa kitambaa chenye manyoya, ambaye mikono na miguu yake ilizunguka. Mwaka uliofuata, katika maonyesho ya Leipzig, mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliagiza 3,000. Kufika mwaka 1907 kiwanda kile kilitengeneza karibu milioni moja katika mwaka mmoja.

Huko Marekani dubu wa namna hiyo waliitwa Teddy, kwa jina la Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1902 alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini, na gazeti likachora kisa hicho. (Wazee wetu watacheka, kwani ni huyo huyo Roosevelt aliyeshuka Mombasa mwaka 1909, na katika safari ile iliyomfikisha hata Sudan, yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512. Hapana aliyeshona mwanasesere kwa ajili ya hao.)

Hatuwasimulii haya kwa kuwaahidi kiwanda. Twataka mwone ya kuwa sufu na sindano zilikuwa katika kila nyumba ya Ujerumani. Kilichokuwa kigumu kupatikana ni mtu aliyeketi mbele ya mnyama akamtazama mpaka akamjua, na wakati ule mtu huyo alikuwa mwanafunzi.

Sisi hatuna dubu. Tuna fisi.

Mwanzoni, wanafunzi wetu walipoambiwa wachore kiumbe wa kwao, wengi walichora wale wa televisheni, nao waliwachora vizuri sana. Hatukuwagombeza. Mtoto huchora anachokiona, na ikiwa jioni haoni ila kioo cha televisheni, kosa si lake. Ndipo tukawaomba wazee wachache waje siku za Jumamosi wawasimulie ngano. Mzee mmoja alisimulia ile ya fisi aliyenusa nyama ikichomwa, akafika penye njia panda, asijue harufu yatoka upande gani. Kwa tamaa yake akatia miguu ya kuume njia hii na ya kushoto njia ile, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka. Kila mmoja wetu hapa aliisikia akiwa mtoto. Binti mmoja wa darasa la sita aliichukua nyumbani, akarudi na mchoro.

Mchoro wa kwanza ulikuwa mbwa. Mzee aliutazama kwa muda, akauliza, “Huyu analinda nyumba ya nani?” Kisha akamweleza ya kuwa fisi miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo wake wateremka kutoka mabegani kama paa la banda, na shingo yake ni nene. Binti akachora tena, na tena. Katika mchoro wa nne akazua jambo ambalo hakuambiwa na mtu: fisi wake awe wa vitambaa viwili, nusu ya kuume rangi ya udongo na nusu ya kushoto rangi ya majivu, na katikati, kutoka puani hata mkiani, upite mshono wa uzi mwekundu ambao haukufichwa. Amtazamaye huona mara moja ya kuwa mnyama huyu ataachana vipande viwili wakati wowote. Hilo ndilo tunaloliita kubuni. Ngano ni yetu sote, lakini mshono ule mwekundu ni wa binti yule peke yake.

Kisha ikaja kazi yenyewe, nayo haikuwa na huruma. Kila aliyepata kushona mwanasesere ajua ya kuwa kitambaa kikijazwa hukonda. Kigezo cha karatasi chenye upana wa sentimita 10, vipande viwili vikishonwa pamoja na kujazwa mpaka viwe mviringo, hutoa mwili wenye unene wa sentimita 6 na kidogo tu. Fisi wa kwanza alitoka na shingo kama ya kuku, kichwa kikalala kifuani. Binti alidhani ameharibu kitambaa. Mwalimu akamwambia apime mzunguko, augawanye kwa ile namba ya duara waliyofundishwa katika hesabu, aone mwenyewe kwa nini imekuwa hivyo. Twaambiwa ya kuwa tangu siku ile darasa lile halikuuliza tena namba hiyo ina kazi gani. Wa pili alikatwa kwa kitambaa cha marekani kilichochakaa, ili kujaribu tu. Shingo ikaongezwa upana, na kati ya vipande vya ubavuni kikatiwa kipande cha tatu chini ya tumbo ili miguu ipate nafasi ya kutanuka. Wa tatu ndiye mnayemwona leo.

Mabibi walio hapa wataitambua hekima ya mambo mengine: ya kuwa mshono huachiwa sentimita 1 ya kitambaa, ama sivyo wafumuka, ya kuwa usufi huanza kujazwa miguuni na puani, kidogo kidogo, kwa ncha ya kijiti, ndipo tumbo, na ya kuwa tundu la kujazia huachwa mahali ambapo mkono wa mtoto hautapafukua. Juu ya macho tumeweka sheria isiyovunjwa. Macho ya vifungo hayatumiki kwa mwanasesere atakayepewa mtoto aliye chini ya miaka 3; hutariziwa kwa uzi. Nchi nyingi hupima vitu vya kuchezea kwa kopo dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande chochote kiingiacho chote ndani ya kopo hilo huhesabiwa kuwa chaweza kumkaba mtoto. Kopo kama hilo tumetengenezewa na fundi, na kila mwanafunzi hupima kazi yake kabla ya kuileta mezani.

Wako walioshauri tuwape wanafunzi kigezo kimoja kizuri, wote washone fisi yule yule, tuwauzie wageni. Twawaomba watazame mfano wa wachongaji wetu. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, na baada yake Wakamba wengi wamejilisha na kusomesha watoto kwa vinyago. Ni jambo la kuheshimiwa. Lakini enendeni leo penye vibanda vya vinyago mkatazame twiga. Walio katika kibanda cha kwanza ndio walio katika kibanda cha kumi. Mnunuzi aonaye twiga mia walio sawasawa hachagui uzuri, huchagua bei, na bei hushuka mpaka aliyechonga apate kidogo kuliko mchukuzi wa mizigo. Hata wale Wajerumani, walipoanza kuigwa, ilibidi mwaka 1904 waanze kutia kifungo cha madini katika sikio la kila mnyama ili mnunuzi amjue aliye wao.

Na sheria za nchi zamlinda abuniye. Mchoro wa mtoto ni mali yake kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 tangu siku aliyouchora. Umbo la kitu laweza kusajiliwa kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka huo huo, kwa miaka 5, na usajili ukarudiwa mpaka itimie 15. Tena mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, ili mali ya jamii isichukuliwe na mtu wa mbali kana kwamba aliiokota. Lakini aliyeiga sanamu ya televisheni hana alindalo, na akiiuza huenda akashtakiwa yeye.

Basi Kamati haiombi shilingi moja ya karo ihamishwe. Yaomba mkasi, sindano, uzi na usufi kwa mwaka ujao, kama ilivyoandikwa katika ukurasa wa hesabu. Vitambaa tutavipata kwa mafundi cherehani walio wanachama, maana mabaki yao hutupwa. Kwa wazazi twaomba jambo gumu zaidi: mikono yenu ikae mbali. Mtoto akishona vibaya, mwacheni afumue mwenyewe. Mwanasesere aliyenunuliwa au aliyeshonwa na mtu mzima hatapokewa, hata awe mzuri namna gani, hata awe wa mtoto wa mjumbe wa Kamati.

Na kwa wazee wetu, twaomba Jumamosi nne katika likizo ya Agosti. Si lazima ngano iwe ndefu, wala haidhuru ikiwa mwisho wake umesahauliwa, watoto wataumaliza. Mzee aliyemsaidia binti wa fisi amesema atakuja tena, lakini ngano zake, kwa maneno yake mwenyewe, zimebaki tatu, na hapendi kurudia.

Wanasesere wako juu ya meza ile karibu na dirisha, na fisi wa mshono mwekundu ni wa kwanza upande wa kushoto. Mwashike, mwavute miguu, mtazame kama yatoka. Mkirudi vitini, Bwana Mwenyekiti ataita kura.