Kinyama Kimeota: Tutafute Asili Yake



Leo tuzungumze juu ya vinyama na vivimbe vinavyoota kwenye ngozi. Wengi tukiviona tunauliza, "Nani kanitupia?" Sisi tunaomba tuulize kwanza: kilianza lini, kimeota wapi, na kabla yake mahali hapo palikuwa na nini?

Tuchukue chunjua. Ni kinyama kikavu, kigumu, na hupenda vidole na magoti ya watoto. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno, na huambukiza kwa kugusana. Mara nyingi huondoka chenyewe baada ya miezi au miaka. Basi wembe wa nini?

Tena lipo kovu lililotuna, lile linalonyanyuka baada ya kutoga sikio, kuungua au kuchanja chale. Huwasha, na hupita mpaka wa jeraha lenyewe. Halimwambukizi mtu. Lakini ukilikata ovyo hurudi, pengine kubwa kuliko la kwanza. Funza naye huleta kinundu cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Huyo kila mtu anamjua.

Sasa tutazame unyayo. Doa jeusi unyayoni au chini ya ukucha, linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa au linalotoa damu, si la kuchezea. Kwa sisi watu weusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hupenda kuanzia huko, mahali tusipopaangalia. Mtu husema, "Aa, nilikanyaga mwiba tu." Ya mwimbaji Bob Marley wa Jamaika ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikagunduliwa mwaka 1977. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36.

Ndugu zetu wenye ualbino, adui wao ni jua: kidonda kisichopona usoni, sikioni au shingoni. Na donda la miaka mingi likianza kuota nyama pembeni, nalo lisiachwe.

Vitu hivyo tusivimwagie maji ya betri wala kuvifunga uzi. Cha juu hudondoka, cha ndani hubaki, na mganga hukosa cha kutazama. Hospitalini hukata kipande kidogo wakakipima kwa hadubini. Hapo ndipo hujulikana kwa hakika. Kwa hiyo chukua daftari lako la kisomo, andika tarehe ulipokiona na ukubwa wake kwa rula, uende nalo zahanati wiki hii hii. Mganga atakuuliza hayo hayo.