Mtoaji Naye Ni Mgonjwa Wetu: Kupandikiza Figo Wakati wa Janga

Leo tunazungumzia figo, hasa figo anayoitoa mtu aliye hai, mzima wa afya, akampa nduguye ambaye figo zake zimekufa. Tunataka kujua inakuwaje pale ugonjwa wa mlipuko unapoikumba dunia, na watu hawa wawili wako tayari kuingia chumba cha upasuaji.

Tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19, yaani ugonjwa wa korona, ni janga la dunia nzima. Haukupita muda, hospitali nyingi za Marekani, Uingereza na India zikasimamisha upasuaji wa watoaji figo walio hai. Wagonjwa waliokwisha kupangiwa siku, na ndugu zao waliokwisha kuomba likizo kazini, wakaambiwa wangoje. Je, uamuzi ule ulikuwa sahihi? Ili tujibu, tuanze na figo zenyewe.

Figo ni mbili, kila moja na ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo. Kisukari na shinikizo la damu huziharibu polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Zikishindwa kabisa, njia kuu zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Figo hiyo ikitoka kwa mtu aliye hai, kwa kawaida hudumu muda mrefu kuliko ile ya marehemu. Upasuaji wa kwanza wa namna hii uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick wakampa Richard, pacha wake wa kufanana. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Naye Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi hadi mwaka 2010, akafariki akiwa na umri wa miaka 79.

Kwetu Afrika Mashariki, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kenya nako huduma hii imekuwapo kwa miaka mingi, ikiwemo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa ukanda huu wamezoea kusafiri hadi India, mgonjwa akiongozana na ndugu anayempa figo.

Sasa, msikilizaji, naomba tumwangalie huyo ndugu, maana macho yetu yote huwa kwa mgonjwa. Mtoaji haumwi. Analala kwenye kitanda cha upasuaji bila kutafuta nafuu yoyote ya mwili wake. Upasuaji wenyewe ni salama sana. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusu watoaji zaidi ya 80,000, ulionyesha kwamba waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa kama 3 kati ya kila 10,000. Figo inayobaki huongeza kazi yake na kuziba sehemu kubwa ya pengo. Lakini hatari ndogo bado ni hatari, na anayeibeba ni mtu aliyekuja hospitalini kwa miguu yake, hana ugonjwa, ana upendo tu. Ndiyo maana madaktari wana wajibu mzito kwake: wasimwingize katika hatari inayoweza kuepukika.

Machi 2020 hatari hiyo ilibadilika. Hospitalini ndipo wagonjwa wa korona walipokuwa wakilundikana, na vipimo vilikuwa vichache. Mtoaji angeweza kuingia mzima akaambukizwa wodini, kidonda chake kikiwa bado kibichi. Chanjo haikuwapo. Vitanda vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia vilikuwa haba hata kwa waliokwisha kuugua.

Mpokeaji naye alikuwa na lake. Ili mwili usiikatae figo ngeni, humeza dawa za kushusha kinga kila siku, na kipimo chake huwa kikubwa zaidi siku za mwanzo. Aprili 2020, madaktari wa hospitali ya Montefiore, New York, walitoa taarifa ya watu 36 waliowahi kupandikizwa figo wakapata korona. Katika wiki chache za kuwafuatilia, 10 kati yao walifariki. Baada ya habari kama hiyo, daktari angewezaje kumshushia mtu kinga kwa makusudi katikati ya wimbi la maambukizi?

Wahenga walituachia maneno mawili yanayovutana. Haraka haraka haina baraka. Na tena, ngoja ngoja huumiza matumbo. Wagonjwa wa figo waliishi kati ya maneno hayo mawili. Wakati watu wengine wakiambiwa wabaki nyumbani, anayesafishwa damu hakuweza kubaki. Mara tatu kwa wiki alipanda gari, akakaa saa nne katika chumba kimoja na wagonjwa wenzake. Kumngojesha hakukumwondoa kwenye hatari ya korona, na figo zake ziliendelea kuwa zimekufa.

Kwa Marekani tunaweza kuona ukubwa wa kungoja huko. Mwaka 2019, watu zaidi ya 6,800 walipata figo kutoka kwa watoaji walio hai. Mwaka 2020 idadi ilishuka hadi kama 5,200. Figo za marehemu hazikushuka hivyo, na sababu ni wazi: figo ya marehemu isipotumika mara moja hupotea, ila mtoaji aliye hai anaweza kurudi baadaye.

Na sisi tuliotegemea safari, mlango ulifungwa. India ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje mwezi Machi 2020. Kenya nayo ilisitisha safari za kimataifa tarehe 25 Machi, zikarejea tarehe 1 Agosti. Familia iliyokwisha kuchangishana nauli na gharama za matibabu haikuwa na pa kwenda. Hilo pekee linatosha kutuambia kwa nini huduma hii inapaswa kuimarishwa hapa nyumbani.

Huduma iliporejea, haikurejea vilevile. Mtoaji na mpokeaji walipimwa korona kabla ya upasuaji, na hospitali nyingi zikawataka wajitenge nyumbani kwanza. Mahojiano ya awali yakahamia kwenye simu. Wagonjwa wa upandikizaji wakatengewa wodi na njia zao. Marekani, baadhi ya watoaji walifanyiwa upasuaji hospitali ya karibu na kwao, figo ikawekwa kwenye barafu na kusafirishwa kwa ndege, mtoaji asilazimike kusafiri. Hatua hizo zote zilimpunguzia hatari mtu asiyeumwa, na ndizo zilizompa mgonjwa nafasi yake tena. Kumlinda mtoaji kulifungua njia kwa mpokeaji.

Chanjo zilipokuja, tulijifunza jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu waliopandikizwa viungo. Baada ya dozi ya kwanza ni 17 tu kati ya kila 100 waliokuwa na kingamwili, na baada ya dozi ya pili ni 54. Ndiyo maana Agosti 2021 Marekani iliwaruhusu watu hao kupata dozi ya tatu. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya dawa za kushusha kinga.

Basi, msikilizaji, tuondoke na haya.

Kama wewe au wa kwenu ana ugonjwa wa figo, zungumzeni mapema kama familia. Vipimo vya mtoaji huchukua muda, na mlipuko haupigi hodi.

Anayeombwa figo ana haki ya kukataa, hata siku ya mwisho, na asisutwe na ukoo. Anaweza kumweleza daktari faraghani, naye atamtunzia siri yake.

Figo haiuzwi. Anayekushawishi kwa pesa wakati wa dhiki anakutia hatarini, na anavunja sheria.

Mpokeaji akamilishe chanjo kabla ya upasuaji, na wanaoishi naye wachanjwe pia. Baada ya hapo asiache dawa zake hata siku moja bila agizo la daktari, hata akisikia uvumi gani.

Na wewe uliyetoa figo, usipotee kliniki. Kila mwaka pima shinikizo la damu, mkojo na utendaji wa figo iliyobaki. Epuka kumeza ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni.

Kwa viongozi wa hospitali zetu, ombi langu ni moja. Andikeni sasa, kabla ya mlipuko mwingine, mpango unaosema lini upandikizaji utasimama, nani atatangulia utakaporejea, na mtoaji atalindwaje katika kila hatua. Mtoaji awe na faili lake, daktari wake na tarehe zake za kliniki, kama alivyo navyo mpokeaji.

Ukiwa na swali kuhusu figo zako, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapime wiki hii.